Dakika Mia Mbili: Walioruka Mbali Zaidi Kutoka Benchi la Vyuo vya Marekani

Kila mchezo wa kikapu wa vyuo vya Marekani una dakika 200 za kugawana kwa kila timu. Watano uwanjani, dakika 40 kila mmoja, hesabu imekwisha. Pale benchini wamekaa vijana wanane au zaidi, karibu wote mastaa wa shule walizotoka, na kila dakika anayoipata mmoja wao imetoka mfukoni mwa mwenzake. Ndiyo maana sifa inayotolewa kwa urahisi kuliko zote katika mchezo huu, ya kwamba kijana fulani wa akiba "amepanda sana msimu huu", inataka swali la pili kabla ya makofi: amebadilika yeye, au zimebadilika dakika zake?

Swali hilo ndilo nililolitumia kupanga orodha hii ya waliovunja rekodi na waliofika mbali kuliko matarajio. Anayefuatilia vyuo kwa kutazama wastani wa pointi peke yake ataona wote wamefanya jambo moja. Hawakufanya jambo moja hata kidogo.

Tuanze na mruko unaodanganya jicho kuliko yote. Msimu wa 2006-07 Russell Westbrook alikuwa gadi wa akiba UCLA, mwaka wa kwanza, dakika 9 kwa mchezo na pointi 3.4. Msimu uliofuata alifikisha pointi 12.7, akatajwa mlinzi bora wa ligi ya Pac-10, na Juni 2008 Seattle SuperSonics wakamchukua wa 4 katika drafti, uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ukisoma haraka utasema kijana alizaliwa upya wakati wa likizo. Sasa chukua kalamu. Pointi 3.4 kwa dakika 9 ni sawa na pointi 15 kwa dakika 40. Pointi 12.7 kwa dakika 33.8, ambazo ndizo alizocheza mwaka wa pili, nazo ni pointi 15 kwa dakika 40. Kasi yake ya kufunga haikusogea. Kilichosogea ni imani ya kocha Ben Howland, na sababu yake haikuwa pointi, ilikuwa ulinzi. Westbrook alipewa dakika kwa sababu alikuwa hampi gadi wa timu pinzani nafasi ya kupumua. Pointi zilikuja zenyewe kwa kuwa alikuwepo uwanjani.

Kijana huyo wa dakika 9 ndiye aliyekuja kushinda tuzo ya mchezaji bora wa NBA mwaka 2017, msimu aliofikisha tarakimu mbili katika mambo matatu, pointi, ribaundi na asisti, mara 42. Mei 2021 akaivunja rekodi ya Oscar Robertson ya mara 181 katika maisha ya uchezaji, rekodi iliyokuwa imekaa tangu miaka ya 1970. Wapo wachezaji wengi wa akiba vyuoni wenye pointi 3 kwa mchezo. Wachache wana pointi 3 ndani ya dakika 9 huku wakimnyima raha mpinzani. Hao ndio wa kuwaandika kwenye daftari.

Mruko mkubwa kuliko wote: Zach Edey

Hapa sina shaka. Edey, mtoto wa Toronto, alikulia kwenye hoki ya barafu na besiboli, akaanza kikapu akiwa tayari mwanafunzi wa sekondari ya juu. Waliopanga vijana wa mwaka wake kwa ubora walimweka chini ya mia nne za kwanza. Purdue walimchukua kwa sababu ya urefu, futi 7 na inchi 4, yaani karibu sentimita 224, na msimu wa 2020-21 akacheza dakika 14.7 akitokea benchi. Pointi 8.7, ribaundi 4.4.

Miaka mitatu baadaye alimaliza na pointi 25.2 na ribaundi 12.2 kwa mchezo, akiwa mchezaji bora wa vyuo nchini kwa mwaka wa pili mfululizo. Mtu wa mwisho kurudia tuzo hiyo alikuwa Ralph Sampson wa Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kati ya Sampson na Edey walipita Patrick Ewing, Tim Duncan, Kevin Durant na Anthony Davis, na hakuna hata mmoja aliyeirudia.

Lakini tazama ilivyotokea, maana hapa ndipo penye utamu. Ukigeuza takwimu zake kuwa za dakika 40, mwaka wa kwanza alikuwa na pointi 24 hivi. Mwaka wa pili, bado akigawana nafasi ya senta na mwenzake na kucheza dakika 19 tu, alikuwa na pointi 30. Mwaka wa nne, ule wa tuzo na fainali, alikuwa na pointi 31 na nusu. Kwa hiyo ufundi wa kufunga aliupata mapema, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, alipokuwa bado hachezi hata nusu ya mchezo. Kilichobaki kujengwa ni mapafu. Mwili wa sentimita 224 kukimbia uwanja mzima huku na huko kwa dakika 32, kila mchezo, bila kupoteza pumzi na bila kujaza madhambi, ni kazi ambayo watu warefu wengi hawaiwezi katika maisha yao yote. Watu waliompuuza walisema anafunga kwa sababu ya urefu. Warefu wapo wengi. Mrefu anayeweza kubaki uwanjani ni adimu.

Na katikati ya safari hiyo kuna kidonda. Machi 2023 Purdue, walioingia kwenye mashindano ya taifa wakiwa wa kwanza katika kundi lao, walifungwa 63-58 na Fairleigh Dickinson walioingia wakiwa wa 16. Ilikuwa mara ya pili tu kwa jambo hilo kutokea kwa wanaume. Edey angeweza kuondoka. Alirudi, na Aprili 2024 akaipeleka Purdue fainali, akafunga pointi 37 dhidi ya UConn walioshinda 75-60. Katika drafti ya mwaka huo Memphis walimchukua wa 9, na mwisho wa msimu wake wa kwanza akawa kwenye kikosi bora cha wachezaji wapya wa NBA.

Aliyebadilika kweli, mwaka hadi mwaka

Ukitaka mtu ambaye dakika na ufundi vilipanda pamoja, jina ni Frank Kaminsky wa Wisconsin. Pointi 1.8 mwaka wa kwanza. Kisha 4.2, kisha 13.9, kisha 18.8. Kwa kipimo cha dakika 40 alitoka pointi 9 akafika 22, na hapo huwezi kusema ni kocha tu aliyemfungulia mlango. Mwaka wa kwanza alikuwa senta asiyejua asimame wapi. Mwaka wa nne alikuwa senta anayetupa pointi tatu kwa zaidi ya asilimia 41, anayeweza kupiga chenga kutoka mbali na kumaliza chini ya kikapu kwa mguu wa kuzungukia. Novemba 2013 aliwafunga North Dakota pointi 43, rekodi ya Wisconsin kwa mchezo mmoja. Mwaka 2015 akazoa tuzo za mchezaji bora wa nchi.

Aprili 4, 2015, siku aliyotimiza miaka 22, Kaminsky na Wisconsin walikutana na Kentucky mjini Indianapolis katika nusu fainali. Kentucky walikuwa wameshinda michezo 38 bila kupoteza hata mmoja. Wisconsin walishinda 71-64, na Kaminsky akatoka na pointi 20 na ribaundi 11.

Sasa geuza macho upande wa pili, kwenye benchi la Kentucky. Kocha John Calipari alikuwa na vipaji vingi mno msimu ule hata akawa anawapanga kwa makundi mawili yanayopokezana. Katika kundi la pili alikuwemo kijana wa miaka 18 aliyecheza michezo 38 bila kuanza hata mmoja, pointi 10 kwa dakika 21 na ushee. Jina lake Devin Booker. Katika drafti ya mwaka huo Kaminsky alichaguliwa wa 9 na Charlotte, Booker wa 13 na Phoenix. Machi 24, 2017, akiwa na miaka 20, Booker aliwafunga Boston Celtics pointi 70, mtu mdogo kuliko wote aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika NBA.

Simdharau Kaminsky kwa kusema hivi. Safari yake chuoni ni nzuri kuliko ya Booker, na kama tungekuwa tunapima jasho angekuwa juu. Ila tunapouliza nani ana kesho kubwa zaidi, umri una uzito ambao mashabiki hawapendi kuusikia. Kijana wa miaka 18 anayefunga pointi 10 akitokea benchi la timu bora nchini, tena kwa mtupo safi, bado ana miaka minne ya kukua ambayo yule wa miaka 22 ameshaitumia.

Marvin Williams ni mfano wa jinsi timu za NBA zilivyolielewa hilo mapema, pengine kupita kiasi. Msimu wa 2004-05 alikuwa mtu wa kwanza kutokea benchi North Carolina, pointi 11.3 na ribaundi 6.6. Katika fainali dhidi ya Illinois ni yeye aliyeusukuma ndani mpira uliokuwa umekosa kikapu, zikiwa zimebaki kama dakika moja na nusu, timu zikiwa sare 70. North Carolina walishinda 75-70. Hakuwahi kuanza mchezo hata mmoja chuoni, na bado Atlanta walimchukua wa 2 mwaka 2005, mbele ya Deron Williams na Chris Paul. Alidumu NBA misimu 15, mtu wa kutegemewa, mtulivu. Chris Paul akawa Chris Paul. Watu wa Atlanta wanaikumbuka drafti ile mpaka leo.

Usiku mkubwa kuliko yote wa mtu wa benchi

San Antonio, Aprili 2, 2018, fainali ya taifa, Villanova dhidi ya Michigan. Donte DiVincenzo aliingia kutoka benchi na kufunga pointi 31, idadi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufungwa na mchezaji wa akiba katika fainali. Villanova walishinda 79-62, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa nusu fainali na fainali.

Kinachonigusa zaidi ni alikokuwa miaka miwili nyuma. Mwaka 2016 Villanova walikuwa mabingwa pia, lakini DiVincenzo alikuwa amevunjika mguu mapema katika msimu na hakuruhusiwa kucheza. Alipopona alitumika mazoezini kuigiza wachezaji wa timu pinzani. Kabla ya nusu fainali dhidi ya Oklahoma, kazi yake ilikuwa kujifanya Buddy Hield, mfungaji hatari kuliko wote nchini mwaka huo, ili wenzake wajifunze kumzima. Villanova walishinda 95-51, pengo la pointi 44, kubwa kuliko lolote katika historia ya nusu fainali na fainali za mashindano hayo. Hakuna takwimu inayomtaja DiVincenzo katika ushindi ule. Mimi namhesabu.

Mwaka 2024, akiwa New York Knicks, alimaliza msimu na mitupo 283 ya pointi tatu, rekodi ya klabu, na Machi mwaka huo akatupia 11 katika mchezo mmoja dhidi ya Detroit, rekodi nyingine ya klabu.

Upande wa wanawake nafasi hii namkabidhi Kamilla Cardoso. Mbrazili huyu mwenye futi 6 na inchi 7 alikaa nyuma ya Aliyah Boston pale South Carolina, na mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa akiba wa ligi ya SEC. Boston alipoondoka, Cardoso akashika nafasi. South Carolina walimaliza msimu wa 2023-24 na ushindi 38 bila kufungwa, na katika fainali dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark, 87-75, alichukua pointi 15 na ribaundi 17. Lakini msimu ule ulinusurika wiki kadhaa nyuma. Katika nusu fainali ya SEC dhidi ya Tennessee, timu ikiwa nyuma kwa pointi 2 na sekunde zikiisha, mpira ulimfikia Cardoso nje ya mstari wa pointi tatu. Hakuwa amewahi kufunga pointi tatu hata moja katika maisha yake ya chuo. Alitupa, mpira ukagonga ubao, ukaingia. 74-73.

Waliofanya kila kitu

Draymond Green aliingia Michigan State mwaka 2008 akiwa mzito na mfupi kwa nafasi yake; pointi 3.3 kwa dakika 11. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na Green aliigaagaa ile pwani miaka minne: aliondoka na ribaundi 1,096, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa shule ile, na msimu wa mwisho alikuwa na pointi 16.2, ribaundi 10.6 na asisti 3.8. Timu za NBA zilimwacha mpaka nafasi ya 35 mwaka 2012 kwa sababu hazikujua zimweke wapi. Februari 2017 aliwajibu kwa mchezo ambao haujawahi kuonekana kabla: ribaundi 12, asisti 10, mipira 10 aliyopora, na pointi 4. Ni wa kwanza katika historia ya NBA kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu bila pointi kuwa mojawapo. Mataji manne ya Golden State yana alama za vidole vyake.

Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa udaktari. Alifika Georgetown na mwaka wa kwanza hakucheza timu ya chuo. Msimu wake wa kwanza uwanjani alikuwa na pointi 3.9 tu, lakini mwaka huohuo wa 1989 alizuia mitupo 12 katika mchezo mmoja dhidi ya St. John's. Narudia: mchezaji wa akiba, mitupo 12. Aliyekuwa na macho aliona. Alimaliza chuo na pointi 15.2 na ribaundi 12.2, akaenda Denver wa 4 mwaka 1991, akashinda tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne na kustaafu na mitupo 3,289 aliyoizuia, akiwa nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake. Udaktari hakuusomea. Mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo.

Mtanzania wetu

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliufahamu mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akapita shule ya Makongo, kisha sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia UConn. Pointi 6.2, kisha 10.5, kisha 13.6. Ribaundi 6.4, kisha 7.9, kisha 10.8. Januari 2009 aliwafanyia Providence pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Katika misimu mitatu alizuia mitupo 417, wa pili katika historia ya UConn nyuma ya Emeka Okafor, na mara mbili akatajwa mlinzi bora wa vyuo. Aprili 2009 alikuwa Detroit katika nusu fainali ya taifa. UConn walifungwa 82-73 na Michigan State, timu iliyokuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Draymond Green. Memphis walimchukua Thabeet wa 2, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA kabla yake.

Inaniuma kila ninapoona orodha za "drafti mbovu" zikimtaja kama mzaha. Alipanda kweli, takwimu zote zinaonyesha. Tatizo lilikuwa kwamba kitu kilichopanda kilitegemea sheria za chuo. Vyuoni mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake muda wote anaotaka, akingoja. NBA tangu mwaka 2001 inamkataza: zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, ni kosa. Ghafla mlinzi wa sentimita 221 analazimika kutoka nje, kumfuata gadi mwenye miguu miepesi, kurudi, kutoka tena. Hiyo ni kazi tofauti, na Thabeet alikuwa ameucheza mchezo huu miaka saba tu. Wanaomcheka wangeuliza kwanza kama kuna mtu alimpa muda wa kuijifunza. Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha. Hapakuwa na mchezaji wa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kupelekwa huko.

Wa kuandikwa kwenye daftari sasa

Khaman Maluach ni mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, na kushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Miaka minne baadaye, akiwa na 16, alikuwa Manila kwenye Kombe la Dunia na timu yake ya taifa; mwaka uliofuata Olimpiki ya Paris. Katikati alipita akademia ya NBA nchini Senegal na kuichezea City Oilers ya Uganda katika ligi ya Afrika. Msimu wa 2024-25 alikuwa Duke, senta wa kazi moja: kukimbia, kuzuia, kudaka mpira wa juu na kuudumbukiza. Pointi 8.6 kwa dakika 21, akifunga mitupo saba katika kila kumi, huku Cooper Flagg akibeba timu. Juni 2025 aliitwa wa 10 na akaishia Phoenix Suns, kwa Devin Booker.

Ana udhaifu, na ulionekana mbele ya wote. Katika nusu fainali dhidi ya Houston, mchezo ambao Duke waliupoteza 70-67, Maluach alicheza dakika 21 bila ribaundi hata moja. Mtu wa futi 7 na inchi 2. Houston walimsukuma nje ya njia kila mpira ulipopanda.

Lakini mitupo huru aliingiza zaidi ya robo tatu, na kwa senta aliyeujua mchezo kwa miaka mitano hiyo ndiyo namba ninayoishika kuliko zote. Mkono unaotulia kwenye mstari wa mitupo huru unaweza kufundishwa kutupa kutoka mbali. Mkono usiotulia haufundishiki kwa urahisi. Na kazi ile iliyomtesa Thabeet, ya kutoka nje kumkaba gadi na kurudi, Maluach tayari ameizoea. Pointi zake nitaziacha zikae kwanza. Nitakayohesabu ni ribaundi kwa kila dakika, na mara ngapi kocha anamwacha uwanjani robo ya nne.